Waperipatetiki wa Barabara ya Olmotonyi

Mwalimu wetu wa GS usimwanzie kwenye kuzaliwa. Alizaliwa Kilimanjaro, kama nusu ya watu wenye maoni hapa Arusha, na hilo linatosha. Mwanzie kwenye viatu. Vilikuwa buti za kahawia, jozi moja, zilizobadilishwa soli mara nyingi mpaka fundi viatu wa Sombetini akamwambia mbele yetu, "Mwalimu, hiki kiatu sasa ni changu, wewe unakiazima tu." Mwalimu akamjibu kwamba kuna swali la zamani sana la wanafalsafa kuhusu kitu kilichobadilishwa sehemu zake zote, kama bado ni kitu kile kile. Fundi akasema hajui, ila swali hilo nalo linahitaji gundi.

GS ni somo la General Studies. Kidato cha tano na cha sita wanalisoma wote, wa sayansi kwa wa sanaa, na wote wanalidharau sawasawa. Shule yetu ilikuwa huko juu, njia ya Olmotonyi, mahali ambapo baridi ya Meru inaingia darasani bila kubisha hodi. Siku ya kwanza ya somo, michepuo yote tukakusanyika nje ya darasa moja kubwa tukingoja kufunguliwa. Mwalimu akaja, akasimama mbele ya mlango, funguo mkononi, asifungue.

"Mnataka kuingia mkafanye nini?"

Mmoja wetu, mwenye kiherehere, akasema, "Kusoma, Mwalimu."

"Kukaa," akasema Mwalimu. "Mnataka kukaa. Makalio hayajawahi kufikiri hata siku moja. Nifuateni."

Akatangulia. Huku tunamfuata, akatuambia kwamba zamani kule Ugiriki kulikuwa na wanafalsafa walioitwa Waperipatetiki, maana yake watu watembeao. Mwalimu wao mkuu alikuwa anafundisha huku anatembea, wanafunzi wakimfuata nyuma, na katika kutembea huko ndiko ilikotoka nusu ya elimu ya dunia. Waliokaa, alisema, walitoa nusu nyingine, ile ya makosa. Sisi tulikuwa na miaka kumi na saba, kumi na minane. Tungeambiwa Wagiriki walifundishwa wakiwa wamening'inia juu ya miti, tungepanda.

Basi tukatembea miaka miwili. Kila kipindi cha GS, wanafunzi zaidi ya sitini, tukishuka na kupanda barabara ya vumbi hadi kwenye misonobari ya chuo cha misitu na kurudi. Ukiwa mbele unasikia falsafa. Ukiwa katikati unasikia upepo. Nyuma, ambako ndiko nilikokaa mimi kwa sababu ya viatu vyangu, unasikia ng'ombe. Elimu ilitufikia kwa kupokezana.

"Amesema nini?"

"Amesema lengo la binadamu ni furaha."

"Furaha ya nani?"

"Hajamaliza, kuna lori lilipita."

Kwenye mtihani niliandika kwamba lengo la binadamu ni furaha, halafu nikanyamaza, maana lori lilipita. Nilipata C. Wa mbele walipata A, na mpaka leo wanaamini ni akili.

Mvua haikumzuia. Masika ya Arusha si mchezo, na udongo wa kule ukilowa unakushika mguu kama mwenye deni lako. Yeye alikuwa na mwavuli. Mmoja. Akiwa chini yake alitufafanulia uvumilivu ni nini, sisi tukiwa kwenye mfano wenyewe. Siku moja alikuja mkaguzi kutoka wilayani, mwanaume mwenye suti na viatu vya ngozi vilivyochongoka, akauliza kwa nini darasa halina watu. Mwalimu akamwambia karibu sana, ukaguzi unaanza hapa, akaondoka naye. Walipofika kwenye misonobari mkaguzi alikuwa ameshaandika "somo linaendelea vizuri sana" na anaomba ruhusa ya kurudi. Hatukumwona tena.

Sasa msije mkafikiri alikuwa mtu wa msimamo. Msimamo alikuwa nao wa kutosha kuwagawia watu, yeye mwenyewe akabaki hana. Alitufundisha kwamba wema uko katikati, kati ya kuzidi na kupungua, na kwamba mtu mwenye busara hujua kiasi. Alikuwa akituambia hayo huku anatia sukari kwenye chai, kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, halafu anaonja, anakunja uso, anaongeza. Nilimuuliza mara moja, "Mwalimu, na hicho nacho ni kiasi?"

"Kiasi cha nani, binti? Kiasi cha anayetembea si kiasi cha anayekaa."

Hilo jibu lilikuwa na akili sana. Ugonjwa wa sukari ulimpata miaka michache baadaye, nao haukuwa umesoma falsafa.

Na bodaboda! Alikuwa anazilaani kila siku. Alisema taifa linalobebwa kwenda kununua nyanya halitafikiri kamwe. Mwaka fulani nikiwa nimeshafungua duka langu la stesheneri pale Themi, nikatoka nje kumwaga maji, nikamwona anapita, amepakizwa nyuma ya pikipiki, amekumbatia kiuno cha dereva, macho ameyafumba. Nikapiga kelele, "Mwalimu, shikamoo!" Dereva akasimama, mshenzi yule. Mwalimu akafumbua jicho moja.

"Hapa sipo," akasema. "Unauona mwili tu. Twende, kijana."

Nikacheka hadi nikamwaga maji yote miguuni kwangu.

Wenzangu wakimsimulia husema alikuwa mcheshi, wanaishia hapo. Mimi siwezi kuishia hapo, kwa sababu nikiwa kidato cha sita baba yangu alifariki. Nikaenda nyumbani, upande wa mashariki wa Mlima Meru, nikazika, nikakaa. Wiki zikapita. Nilikuwa nimeamua basi, shule imetosha, mama yuko peke yake na migomba, mimi nani wa kujifanya msomi. Asubuhi moja nikamwona Mwalimu anaingia uani, mavumbi hadi magotini. Alikuwa amekuja kwa miguu. Kutoka shuleni hadi kwetu, kwa miguu, mtu mzima yule! Hakusema pole. Mama akamletea stuli, hakuikalia. Akamwambia mama maneno machache kwa adabu, akanigeukia akasema, "Nenda kavae viatu."

Njia nzima hakuzungumzia kifo. Alizungumzia serikali za mitaa, mada ambayo nilikuwa nimeikosa. Mara ya kwanza maishani nilikuwa mbele, nasikia kila neno, na sikusikia hata moja kwa kulia. Tukafika jioni. Nilimpenda tangu siku hiyo, na sioni sababu ya kulisema kwa kuzungushazungusha.

Ndiyo maana nilipochumbiwa, wajomba wakamwomba awe msemaji wetu kwenye mahari, mahali pa baba. Walimwomba kwa moyo mweupe, hawakujua wanafanya nini. Mume wangu ni Mwarusha, kwao ni magharibi ya mlima, watu wa ng'ombe. Wazee wao wakaja na fimbo zao na mashuka yao, wakapewa viti. Mwalimu akasimama akasema mazungumzo ya maana hayafanywi kwa kukaa, kwa sababu aliyekaa ameshakubali hoja ya mwenzake, basi tutembee. Wajomba zangu wakatazama chini. Mzee wao mmoja, mwembamba kama ile fimbo yake, akatabasamu akasema, "Vizuri sana. Twendeni."

Jamani, wale watu wamefuata ng'ombe tangu wakiwa watoto! Kwao kutembea ndiko kupumzika. Walimpeleka Mwalimu kwa mwendo ule ule, hawaharakishi, hawasimami, saa ya kwanza, saa ya pili, jua la saa saba. Kila akitaja idadi ya ng'ombe, yule mzee anasema, "Tulifikirie hilo hadi kwenye ule mti." Wakifika, kuna mti mwingine. Aliporudi midomo imemkauka, amekubali kila kitu walichotaka, na hakuwa amekaa hata mara moja. Mjomba wangu mkubwa hakumsemesha kwa mwaka mzima. Mume wangu mpaka leo akitaka kunichokoza anasema alinipata kwa bei ya jua.

Alipostaafu alihamia kwenye nyumba yake Sombetini, yeye na mkewe. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, aliijenga pole pole na ikaisha pole pole. Mkewe ni mwanamke mpole, mnene, mwenye sauti ya chini, na ukimsikia anaongea ujue jambo limeshaamuliwa. Mwalimu sasa hana shule, nasi wanafunzi wake wa zamani tukamwonea huruma, au tukajionea wenyewe. Tukawa tunakutana kila Jumamosi asubuhi kutembea naye. Tulifika kumi na wawili: wakili, nesi, muuza vipuri, walimu wawili, na wengine wenye vitambi waliotafuta tiba tu. Tukafungua kundi la WhatsApp. Tukachapisha fulana, nilizisimamia mimi, zimeandikwa mgongoni WAPERIPATETIKI. Watu wa mtaani walidhani ni kanisa jipya. Mama mmoja pale kwenye kona alituuliza kama tunaombea wagonjwa.

Wakili ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Hawezi kukaa dakika tano kwenye sherehe kabla hajasimulia jinsi sisi, tofauti na watoto wa shule nyingine, tulivyosomeshwa kwa njia ya Wagiriki wenyewe. Anasema kwa Kiingereza, halafu anatafsiri, halafu anarudia kwa Kiingereza.

Msumari ndio ulioharibu mambo. Msumari mdogo wa fundi, ulitokeza ndani ya buti ya kulia. Mwenye sukari miguu yake hufa ganzi, hilo nesi wetu alimweleza mara ngapi, naye akamjibu kwamba hisia hudanganya. Alitembea na ule msumari siku mbili. Mkewe ndiye aliyeona soksi. Baada ya wiki tatu za kusema ni kidonda tu, akapelekwa hospitali, na daktari akamwambia wazi: mguu ukatwe chini ya goti, na usipokatwa, uozo utapanda na utamuua. Mwalimu akamshukuru daktari, akamweleza historia ya Waperipatetiki kwa ufupi, akasema haijawahi kusikika katika shule hiyo mtu wa mguu mmoja, akarudi nyumbani. Daktari akamwambia mkewe mlangoni, Alhamisi ndiyo mwisho. Baada ya hapo hata yeye hawezi.

Kwenye kundi letu, ooh, tulifanya makubwa. Tulituma vimikono vya kusali. Wakili akaandika aya nne. Wawili walikwenda kumwona, akawapa hotuba kitandani, wakarudi wamefurahi. "Mzee ana msimamo," wakaandika. "Anakufa kama alivyoishi."

Nikawauliza, "Msimamo gani, na mguu unanuka?" Mmoja akaweka ua.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilikuwa dukani, na hasira zangu, na kazi hakuna. Chini ya meza ya mashine kulikuwa na kitabu chake, kamusi ya falsafa ya Kiingereza, jalada limeliwa na mende. Aliniachia kabla hajaugua nimtolee kopi za kurasa fulani za Jumamosi. Nikakifungua tu, mikono ifanye kitu. Nikatafuta herufi ya P. Nilitaka nione hao Wagiriki waliokuwa wanamuua mwalimu wangu.

Nikasoma mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili na kidole. Kitabu kilisema jina hilo halikutokana na kutembea. Limetokana na mahali. Kwenye bustani ya shule yao kulikuwa na ujia wenye paa, wenyewe waliuita kwa jina hilo, na waliokuwa wanakutana pale wakaitwa hivyo, watu wa pale. Habari ya mwalimu anayefundisha huku anatembea, kitabu kilisema, yaelekea ni hadithi ya baadaye, ya watu waliolisikia jina wakalitungia kisa. Yawezekana kabisa wenyewe walikuwa wamekaa. Na chini ya mistari hiyo mtu alipiga mstari wa penseli.

Niliruka pale dukani. Nilitoa kopi ya ukurasa ule, nikaukuza hadi A3 asije akasema haoni, nikafunga duka, nikaenda Sombetini.

Nilimkuta kitandani chumba cha mbele, mguu umefunikwa kanga, dirisha limefunguliwa na bado harufu iko pale pale. Amekonda. Nikasema shikamoo, akasema marahaba binti, umeleta kopi zangu?

"Nimeleta moja." Nikaitandaza kifuani pake. "Soma, Mwalimu. Wagiriki wako hawakuwa na habari na miguu. Ni jina la mahali! Lile banda lao. Hata aliyekuwa amekaa pale toka asubuhi ni mmoja wao, hata kiwete ni mmoja wao. Huna unachokilinda. Kesho twende ukakatwe."

Akavaa miwani. Hakusoma. Aliutazama ukurasa kama mtu anayeangalia picha yake ya zamani.

"Huu mstari wa penseli unadhani ni wa nani?"

Nikainama kuutazama.

"Ni wangu. Niliupiga nikiwa seminari, nina miaka ishirini na mbili. Nimelijua hili kabla wewe hujazaliwa."

"Sasa Mwalimu!" Nilihisi damu imenipanda. "Miaka miwili unatupigisha vumbi. Mimi nimechapisha mpaka fulana! Kwa nini ulitudanganya?"

Nje mtu alikuwa anapita akiuza ndizi, Mwalimu akasubiri hadi apite.

"Michepuo yote pamoja mlikuwa zaidi ya sitini," akasema. "Mle darasani mlikuwa na madawati kumi na mawili. Niliomba, nikaandika barua, nikaomba tena. Siku ya kwanza nilikuja na funguo mkononi, nikawaona mmepiga pasi zile sare, mmechana nywele, mnangoja. Nikasema nikifungua mlango huu watakaa thelathini, na thelathini watakaa chini sakafuni, na mtoto wa kidato cha tano ukimkalisha sakafuni hatakuamini tena ukimwambia kichwa chake kina thamani. Sikuweza. Nikakumbuka Wagiriki."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Sikuwahi kuliona darasa lile kwa ndani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona.

"Basi kama hata wewe huuamini uongo huo," nikasema, "unafia nini?"

"Naogopa," akasema Mwalimu. "Mguu wangu, binti. Wataukata kwa msumeno na mimi nimelala. Naogopa sana. Kumwambia daktari habari za Wagiriki ni rahisi zaidi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi, na taulo begani. Aliingia, akatoa bahasha chini ya godoro upande wake, ndani yake mlikuwa na fomu ya hospitali, imekunjwa mara mbili tu, safi.

"Nami naogopa," akamwambia. "Nimelala juu ya karatasi hii siku tisa. Weka sahihi, Mzee, twende leo. Wasije wakasema kesho wamejaa."

Mwalimu akaisoma yote, neno kwa neno, na kalamu yangu mkononi. Akasema hapo palipoandikwa mgonjwa anakubali, si kweli, waandike mgonjwa amechoka kubishana. Mkewe akasema sawa, watarekebisha. Akatia sahihi, ile sahihi yake ndefu ya kwenye ripoti zetu. Halafu akanishika mkono wa shati, akaniinamisha.

"Lile la madawati usiwaambie wenzako. Wengine wameshawaambia watoto wao walisomeshwa kama Wagiriki."

Nikamwahidi. Aliishi miaka minne mingine, kwa mguu mmoja na magongo mawili, mbishi vile vile, na miaka yote minne nikafunga mdomo. Sasa tumemzika, na ninyi wenzangu, hasa wewe wakili, mtanisamehe.

Siku ile baada ya kumwahidi nilitoka nje kutafuta bajaji. Nikaipata moja, nikaisimamisha, nikafungua mdomo niseme tunaenda hospitali, kikatoka kilio, kikubwa, hapo hapo barabarani, mbele za watu, mama mzima mwenye duka. Dereva akanitazama, akazima injini.

"Dada, unasafiri au unalia?"

"Vyote viwili," nikamwambia. "Ingia ndani unisaidie kumbeba mtu."